Chupa yako haijaharibika: barua kuhusu mvinyo mwekundu wa Vulture

Mwezi huu nimeyaweka kando maswali ya pilau na keki. Barua ya dada wa Nyegezi imenifurahisha mno, kwa sababu mvinyo anaouliza naujua na naupenda, na hapa Mwanza ni nadra kusikia mtu akiutaja. Nikapekua bahasha zilizobaki, nikakuta wengine wameuliza mambo yanayoukaribia. Nawajibu kwa pamoja.

Shikamoo mama. Mjomba amekuja likizo kutoka Italia, akatuletea chupa ya mvinyo mwekundu iliyoandikwa Aglianico del Vulture. Tuliilaza kwenye friji usiku kucha, Jumapili tukaifungua tukila sato wa kukaanga. Ulikausha ulimi, na ukishameza mdomo unabaki na ladha ya msumari. Mume wangu anasema umechacha. Nusu chupa bado ipo. Niumwage?
*Mke wa Mwalimu, Nyegezi*

Marahaba, mwanangu. Nilikupigia simu siku ileile kwa kuwa nusu chupa haisubiri gazeti lichapwe, lakini naandika na hapa kwa faida ya wengine. Usiumwage. Mvinyo uliochacha pua huugundua kabla ya ulimi: unanuka siki, au una uvundo wa boksi lililolowa. Wewe uliniambia wako unanukia zambarau zilizoiva na moshi kwa mbali. Huo ni mzima.

Aglianico ni zabibu nyeusi yenye ganda nene na tanini nyingi, na tanini ndiyo inayofanya hata chai ya rangi iliyochemka kupita kiasi ikaushe mdomo. Ukakasi huo ni asili yake. Tanini hutafuta protini ya kushikamana nayo. Ukinywa bila kula kitu cha maana, inaikamata protini iliyomo kwenye mate, mate yanapoteza utelezi wake, na hapo ndipo ulimi unapokauka. Ukiwa na kipande cha nyama yenye mafuta mdomoni, tanini inashughulika na nyama, na mvinyo uleule unalainika. Ndiyo maana kule unakotoka huwekwa mezani pamoja na mwanakondoo, soseji na jibini ngumu ya maziwa ya kondoo.

Sato wetu mtamu hakutendewa haki hapo. Mvinyo mwekundu huwa na chembe za madini ya chuma, na chuma kikikutana na mafuta ya samaki huamsha shombo. Ladha ya msumari uliyoisikia imetoka huko. Sato, sangara na dagaa watafutie mvinyo mweupe wa Dodoma ulio mkavu na uliopoa vizuri, utaona mambo yanavyokaa sawa.

Kisha kuna friji. Baridi kali huukaza ukakasi na kuizima harufu, kwa hiyo mliondoa kilicho kizuri mkabakiza kilicho kigumu. Wengi watakwambia mvinyo mwekundu hunywewa kwa joto la chumbani. Kauli hiyo imetoka kwenye nyumba za mawe za Ulaya, si Nyegezi saa saba mchana. Kwetu chumba kina nyuzi 27 au 28, na mvinyo wa namna hii unapendeza ukiwa na nyuzi 16 mpaka 18. Kwa hiyo friji inaruhusiwa, ila kwa dakika 20 hadi 30 tu kabla ya kufungua.

Nilikushauri uutoe, uumimine kwenye jagi la kioo, uuache saa nzima upate hewa, kisha mle na mbavu za mbuzi, pilipili ikae mbali kwa sababu huuchochea ukali wa pombe na wa tanini. Ulinijulisha kwamba wewe uliumaliza kwa furaha na mumeo bado hakuupenda. Ni haki yake. Naomba tu asiseme tena kwamba ulikuwa umechacha.

Mama, nimefundisha jiografia miaka mingi lakini sikuwahi kusikia Vulture. Ninajua Italia ya mvinyo ni Toscana na Piemonte. Ni wapi huko, na kwa nini hapasikiki?
*Mwalimu wa zamu, Sengerema*

Mwalimu, fungua ramani ya Italia utafute kisigino na kidole cha kiatu. Mahali kiatu kinapopindia, kati ya Puglia, Campania na Calabria, kuna mkoa wa Basilicata. Una pwani mbili fupi, na karibu kila kitu kilichobaki ni milima na vilima. Makao makuu yake ni Potenza. Watalii huufahamu zaidi kwa mji wa Matera, wenye makazi ya kale yaliyochongwa kwenye miamba, ambayo UNESCO iliyaweka kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1993. Mvinyo ninaousema hautoki Matera. Unatoka upande wa kaskazini, kwenye miteremko ya Monte Vulture.

Vulture ni volkano iliyozimika. Kilele chake kina mita 1,326 kutoka usawa wa bahari, na ndani ya kreta yake kuna maziwa mawili madogo yanayoitwa Maziwa ya Monticchio, yamezungukwa na msitu. Sasa linganisha na kwetu. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi, maana yake mvuvi aliyekaa ndani ya mtumbwi pale Kirumba yuko chini ya kilele cha Vulture kwa mita zisizofika 200. Mizabibu yenyewe imepandwa kati ya mita 200 na 700. Sisi wa Mwanza tunalala na kuamka juu kuliko mashamba yao yote! Lakini wao wako karibu na latitudo ya 41 kaskazini, kwa hiyo wana majira ya baridi hasa, na theluji huanguka.

Nimelisimulia hilo la mtumbwi kwa fundi wa majokofu aliyetoka Rionero, mji ulio chini ya mlima huo, wakati alipokuja kufunga mitambo kwenye kiwanda cha minofu ya sangara. Hakuamini mpaka tulipotoa ramani. Yeye ndiye aliyenifunza kuupenda mvinyo wa kwao, na alinifunza kwa subira: alifungua chupa mapema alasiri, akakataza mtu yeyote kuigusa mpaka nyama iive.

Volkano ile ililala zaidi ya miaka laki moja iliyopita, ikaacha majivu mazito na mwamba laini wa majivu yaliyoganda, wao huuita tufo. Mwamba huo hunywa maji ya mvua za baridi na kuyatunza, kisha kiangazi kikiwaka mzabibu unayafuata kwa mizizi yake mirefu. Milimani usiku hupoa hata mchana ukiwa wa moto. Zabibu haziivi kwa pupa, zinabaki na uchachu wake. Wenzao sehemu nyingi za Italia huvuna Septemba. Aglianico huvunwa nusu ya pili ya Oktoba, na miaka mingine Novemba, wakati ukungu na baridi vimeshashuka na mkulima hana uhakika kama mvua itamwachia mazao. Ni miongoni mwa zabibu nyekundu zinazochelewa kuliko zote nchini humo. Mkulima anayekubali roho kuwa juu namna hiyo kila mwaka, mimi namheshimu.

Miji yake ni midogo. Mbali na Rionero kuna Barile, ambako watu waliotoka Albania walihamia tangu karne ya 15, na hadi leo kuna mapango ya kuhifadhia mvinyo yaliyochimbwa kwenye mwamba huo wa majivu. Ndani ya mapango ni baridi mwaka mzima bila umeme wowote. Kuna Venosa, alikozaliwa Horace, mshairi wa Kilatini, mwaka 65 KK. Kuna Melfi, yenye ngome ambayo mfalme Frederick II alitangazia sheria za ufalme wake wa Sicilia mwaka 1231. Ripacandida, Ginestra, Maschito na Acerenza nazo zimo. Wanafunzi wako wanaweza kuijua Ulaya ya zamani vizuri kabisa wakiwa kwenye mzunguko wa mlima mmoja.

Kwa nini hapasikiki? Ni mkoa uliokuwa maskini kwa muda mrefu. Tetemeko la mwaka 1930 lilipiga eneo la Vulture vibaya. Vijana walikwenda kutafuta kazi viwandani kaskazini, Ujerumani, Marekani. Kwa miaka mingi mvinyo wao ulinunuliwa ukiwa bado kwenye mapipa, ukapelekwa kuipa nguvu mivinyo dhaifu ya kwingine, na chupa iliyofika dukani haikuutaja mlima huu. Hilo linaniuma kila ninapolifikiria. Jasho la mtu likauzwa kwa jina la mwingine! Hali ilibadilika taratibu: mwaka 1971 Aglianico del Vulture ikapewa hadhi ya DOC, yaani jina lake likalindwa kisheria pamoja na mipaka ya eneo na masharti ya utengenezaji. Mwaka 2010 daraja la Superiore likapandishwa kuwa DOCG, ngazi ya juu kabisa. Mvinyo jirani wa Taurasi, wa Campania, unaotengenezwa kwa zabibu hiyohiyo, ulikuwa umeshaipata ngazi hiyo tangu 1993.

Habari za kazi, mama. Mimi ni mhudumu wa meza. Kwenye orodha yetu tuna Aglianico del Vulture na haiuziki. Meneja anataka tuwaambie wageni ni "Barolo ya Kusini". Je, ni sawa? Na niihudumie vipi?
*Mhudumu, Capri Point*

Nzuri, mdogo wangu. Nilisimamia stoo ya vinywaji hotelini miaka mingi, na swali hili ni la nyumbani kabisa kwangu.

Jina hilo la Barolo ya Kusini ni la siku nyingi na silipendi. Barolo hutengenezwa kwa zabibu ya Nebbiolo huko Piemonte, kaskazini. Kweli zote mbili zina tanini nyingi, uchachu mwingi, na zinahitaji miaka. Lakini mgeni anayeijua Barolo atategemea rangi iliyofifia na harufu ya waridi, halafu utammiminia kitu cheusi chenye moshi, plamu na pilipili manga. Atahisi amedanganywa. Aglianico ina mlima wake na heshima yake, mwache mgeni aikute kwa jina lake. Mwambie hivi: "Ni mvinyo mwekundu mzito, mkavu, kutoka kwenye volkano iliyozimika kusini mwa Italia, unafaa nyama ya kuchoma." Maneno hayo yanatosha, na yote ni kweli. Jina ulitamke *alyániko*, na mlima *vúlture*, herufi zote zikisikika kama Kiswahili.

Kabla hujafungua, isome lebo. Ukiona Aglianico del Vulture peke yake, hiyo ni DOC ya kawaida, huwa changa zaidi na bei yake ni ya wastani. Ukiona Superiore, mvinyo umekaa miaka isiyopungua mitatu tangu mavuno kabla ya kuuzwa, na kilevi chake hakipungui asilimia 13.5. Superiore Riserva imekaa mitano. Ile ya kukaa sana inaweza kuwa na mashapo chini ya chupa, nayo si uchafu. Isimamishe wima tangu asubuhi, mimina kwenye jagi taratibu, ukiona tope linakaribia shingo ya chupa acha.

Kuhusu hewa usifanye mchezo. Kung'oa kizibo na kuiacha chupa imesimama hakusaidii lolote la maana, kwa sababu hewa inagusa sehemu ndogo kama sarafu. Mimina wote kwenye jagi pana, saa moja kwa ile ya kawaida, saa mbili kwa Superiore changa. Mgeni aliyeweka nafasi ya chakula cha jioni mpigie simu umuulize mapema kama anautaka. Aliyekuja ghafla mpe glasi kubwa na umwambie anywe polepole, glasi ya pili itamfurahisha kuliko ya kwanza.

Mwambie na meneja wako aihamishe chupa kutoka kule kwenye rafu iliyo juu ya mashine ya kahawa. Sijaiona hoteli yenu kwa ndani, ila nimeona rafu ya namna hiyo kila nilipokwenda kufundisha. Joto la mashine hupika mvinyo, na baada ya miezi michache mnaweka mezani kitu kilichokufa. Huenda ndiyo sababu hauuziki.

Nimestaafu uvuvi, nina ekari mbili Ukerewe karibu na maji. Machungwa nimechoka nayo. Je, hiyo zabibu ya Kiitaliano naweza kuipanda hapa?
*Mvuvi Mstaafu, Nansio*

Shikamoo mzee wangu. Natamani ningekwambia ndiyo.

Mzabibu wa Vulture hulala usingizi wakati wa baridi. Unapukutisha majani, unapumzika miezi kadhaa, ukiamka unachipua kwa pamoja na matunda yanaiva kwa pamoja. Ukerewe hakuna baridi ya kuulaza. Zaidi ya hapo kuna unyevu. Mvua za kisiwani na hewa ya ziwa ni neema kwa muhogo na machungwa, ila kwenye mzabibu zinaleta ubwiri unga, ubwiri vinyoya na kuoza kwa vishada. Aglianico inachukua muda mrefu sana kuiva, kwa hiyo kila wiki ya ziada juu ya mti ni wiki ya kupiga dawa. Utaumaliza mtaji kwenye bomba la kupulizia.

Nchini kwetu zabibu zimekubali Dodoma kwa sababu ya ukame wake. Wamisionari wa Kiitaliano walizipanda Bihawana miaka ya 1950, na leo mkulima wa Dodoma, kwa kupogoa kwa wakati, anavuna mara mbili kwa mwaka. Hilo mtu wa Barile angelisikia angeshangaa. Kama moyo umekung'ang'ania, wasiliana na kituo cha utafiti cha TARI Makutupora kilichobobea kwenye zabibu, uwaeleze mvua na udongo wako kabla hujatoa hata shilingi. Unaweza kupanda mche mmoja au miwili ya zabibu za kula kwenye kichanja mlangoni, kwa kivuli na furaha ya wajukuu. Machungwa usiyang'oe.

Bosi wangu Mwitaliano amenipa chupa ya mvinyo huo kama zawadi. Mimi ni Muislamu, sinywi. Nikirudisha si nitamkosea?
*Karani, Igoma*

Hutamkosea, ndugu yangu. Mshukuru kwa mikono miwili, umweleze kwa upole kwamba dini yako hairuhusu na usingependa kuipeleka nyumbani. Mwitaliano anajua zawadi ni moyo. Mwambie kahawa ya kwao ungeipokea kwa furaha; watu wa kusini mwa Italia huipenda sana kahawa, mtakuwa na cha kuzungumza.

Nina duka la vinywaji. Msambazaji wa Dar es Salaam ananishawishi nichukue makasha ya Aglianico del Vulture. Watu wa Mwanza watanunua kweli? Niangalie nini?
*Mwenye Duka, Kirumba*

Watanunua ukiwaeleza wale nini nayo. Jiji hili linachoma nyama kila jioni, na anayezoea bia kwa mbuzi choma anaweza kushangazwa vizuri na glasi moja ya huu. Lakini wanywaji wetu wengi wamezoea utamu wa Dompo, na huu hauna sukari. Usimuuzie mtu bila kumwambia hivyo. Akirudi na malalamiko, umempoteza yeye na rafiki zake.

Anza na ile ya DOC ya kawaida, siyo Superiore. Inanyweka ikiwa changa, na mtaji wako hautalala. Kabla ya kulipa, fungua kasha uone: kizibo kilichochomoza au lebo yenye michirizi iliyokauka ni dalili kwamba chupa zilipata joto njiani. Kimo cha mvinyo shingoni kilingane chupa kwa chupa. Stempu ya kodi iwepo. Muulize msambazaji mzigo ulisafiri na lori la namna gani na uliondoka saa ngapi, maana turubai la lori likipigwa na jua mchana kutwa, ndani hakukaliki. Akishindwa kujibu, tafuta mwingine.

Dukani zilaze chupa, kizibo kisikauke, kwenye chumba cha nyuma upande usiopigwa na jua la jioni. Dirishani weka chupa moja tu ya maonyesho, na hiyo usije ukamuuzia mteja.